Bezaleli Alikuwa Fundi Kambini

Somo: Kutoka 35:30 hadi 36:7, Matendo ya Mitume 18:1-3 na 24-26

 

Toleo hili tunataka kusema juu ya jambo ambalo limeleta maneno kati yetu tangu mwezi uliopita. Mnajua kwamba baraza la kanisa lilipokea ombi la kutumia jengo letu siku za katikati ya juma kwa darasa la ushonaji na la kusoma na kuandika. Baadhi ya wazee wetu walipinga, na hoja yao haikutoka katika ubaya. Walisema nyumba ya Bwana ni nyumba ya sala, na Yesu mwenyewe alizipindua meza za wabadili fedha hekaluni (Mathayo 21:12-13). Basi cherehani zitaingiaje mahali tunaposhiriki Meza ya Bwana? Wengine walisema jambo la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi: ya kwamba ubunifu ni kipawa, Mungu humpa amtakaye, na asiyepewa hata akifundishwa miaka kumi hataweza, kwa hiyo tusiwasumbue kina mama wenye umri. Tena liko neno la tatu, ambalo halikusemwa barazani bali tunalisikia njiani na kisimani: mkimbizi ajifunze ili iweje?

Haya yote tuyajibu kwa Neno, na pia kwa mambo ambayo wengi wetu tuliyaona kwa macho yetu tulipopita Busia na Tororo kabla ya kufika hapa Kiryandongo.

Tuanze na Neno. Wana wa Israeli walikuwa wametoka Misri, wanakaa katika mahema jangwani. Hawakuwa na shamba wala mji. Chakula chao kilikuwa mana, na kilipimwa pishi moja kwa kila kichwa, kulingana na hesabu ya watu waliomo hemani (Kutoka 16:16). Ndugu, hiyo si kambi? Hata kadi ya mgao tu ndiyo iliyokosekana. Na ni katika kambi hiyo Mungu alimwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na amemjaza Roho wa Mungu. Amjaze Roho ili afanye nini? Ahubiri? Atoe pepo? Hapana. Ili abuni kazi za ustadi, za dhahabu na fedha na shaba, achonge vito, achore miti. Angalieni vizuri: katika Biblia nzima huyu ndiye mtu wa kwanza tunayeambiwa kwa maneno wazi kwamba Mungu alimjaza Roho wake, naye alikuwa fundi.

Sasa tazameni tofauti hii. Mana ilishuka kutoka mbinguni, watu waliiokota tu. Lakini hema ya kukutania haikushuka. Mungu aliyeweza kuangusha mkate angeweza pia kuangusha hema iliyokwisha kushonwa, pamoja na mapazia na vigingi vyake, lakini hakufanya hivyo. Hema aliwaachia wao waifanye, kwa mikono yao, kwa vitu walivyokuwa navyo, na kwa ujuzi walioubeba.

Walijifunzia wapi ujuzi huo? Biblia haituambii Bezaleli alifundishwa na nani kuchonga kito. Lakini tunajua walitoka Misri, nchi ya mafundi wa dhahabu na wa kitani nzuri, na Stefano anatuambia kwamba Musa mwenyewe alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Sisi tunaamini, na asiyekubali asikasirike, kwamba mengi walijifunza wakiwa utumwani. Waliona, wakashika, wakakumbuka. Mikono iliyopondwa kwa matofali ya Farao haikusahau ilichokiona kwenye karakana za Farao. Roho alipomjia Bezaleli hakumkuta mtupu.

Tena mstari wa 34 wa sura ya 35 unasema jambo ambalo watu huliruka. Unasema Mungu alitia moyoni mwake, yeye pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani, uwezo wa kufundisha. Kipawa na kufundisha vilikuja pamoja. Kama ubunifu ungekuwa kitu ambacho mwenye nacho anacho na asiye nacho hawezi kukipata, kwa nini Mungu ampe fundi moyo wa kufundisha? Angemfundisha nani? Na wale wanawake wa mstari wa 25 na 26, waliosokota nyuzi za rangi na singa za mbuzi kwa mikono yao, wanaitwa wenye hekima moyoni. Hakuna mahali panaposema walikuwa vijana.

Basi turudi mpakani.

Wengi wetu tuliotoka Kenya tulivuka Januari 2008, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Tume iliyochunguza machafuko yale ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Wengine tulipita Busia, wengine Malaba. Ndugu zetu wa Uganda walitupokea shuleni na makanisani, kisha tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukakaa chini ya maturubai. Viongozi walipotia sahihi mapatano Nairobi tarehe 28 Februari, wako waliorudi nyumbani. Wako ambao hawakuwa na pa kurudi, na mwaka huohuo wa 2008 tukaletwa huku Kiryandongo. Hayo mnayajua. Tunayataja kwa sababu watoto wetu waliozaliwa hapa wanasikia jina la Busia kama jina la huzuni tu, na si haki. Mji ule umefundisha Afrika Mashariki yote jambo moja, na sisi tulipita katikati yake tukilia, hatukulitazama.

Leo kijana akitaka kwenda Bweyale anaita boda. Kampala wanaita boda, Nairobi boda, Dar es Salaam bodaboda, hata Juba. Neno hilo lilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1960 abiria alikuwa akishuka upande mmoja wa mpaka, anapita kwa maofisa, kisha anatembea kwa miguu mpaka kituo cha upande wa pili, na kwa mama mwenye furushi kichwani na mtoto mgongoni ule ulikuwa mwendo. Vijana wa pale walikuwa na baiskeli. Wakafunga mto juu ya kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, wakaanza kuwaita wasafiri: boda, boda! Yaani nakupeleka kutoka mpaka huu hadi mpaka ule.

Tufikiri kidogo hapo. Vijana wale hawakuunda baiskeli. Ilitengenezwa mbali, ikaletwa na meli na reli. Chuma cha nyuma kilikuwapo tayari. Njia ilikuwapo, na abiria waliochoka walikuwapo kila siku. Kitu walichoongeza ni mto mmoja, sauti, na nauli. Lakini ili uone kwamba chuma kile kinaweza kumbeba mtu mzima bila kuvunjika, lazima uwe umebeba sana magunia. Lazima ujue jinsi gurudumu linavyopinda, ni spoku zipi hukatika kwanza, na namna ya kukanyaga mzigo unapotikisika nyuma yako. Mtu asiyejua baiskeli angetazama palepale asione kitu. Ubunifu wao ulitoka katika kukijua kitu kidogo kwa undani, na kujua hivyo hakuji kwa siku moja.

Wako na wengine ambao habari yao inatugusa zaidi. Pale Busia walikuwako watu waliopooza miguu, wengi kwa ugonjwa wa polio utotoni, waliokuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli hizo zilikusudiwa ziwasaidie kutembea. Wao wakaziona kuwa chombo cha kazi. Wakazifanyia marekebisho ili zibebe mizigo mizito, wakapata watu wa kuwasukuma, wakaungana katika chama chao. Maofisa wengi wa forodha waliwahurumia, wakawapitisha bila kuwasumbua sana, nao wafanyabiashara wakapenda kuwapa mizigo. Watu ambao katika vijiji vingine wangekaa mlangoni wakingoja kupewa, pale walioa, wakajenga, wakasomesha watoto.

Lakini ni lazima tuseme na upande mwingine, maana mahubiri yasiyosema upande mwingine ni matangazo. Huruma ile ya maofisa ilitumiwa pia kupitisha vitu visivyopaswa kupita. Mpaka ule umebuni mengi, na si yote ya kumpendeza Mungu. Wazee wanakumbuka magendo ya miaka ya 1970, siku za Idi Amin, kahawa ya Uganda ilipokuwa ikivushwa usiku kwenda Kenya, na Chepkube ikawa soko kubwa la ghafula. Kulikuwa na akili nyingi sana katika kazi ile! Njia za kuficha gunia, ishara za taa, saa za kupita. Mtu anaweza kuwa mbunifu kweli, na ubunifu wake ukamla.

Biblia inalijua jambo hilo. Bezaleli anaitwa katika Kutoka sura ya 31. Sura ya 32, kambi ileile, watu walewale, wanavunja pete za dhahabu masikioni na kutengeneza ndama. Tena ndama yule alichongwa kwa patasi, si kazi ya mtu asiyejua kitu. Dhahabu ileile iliyotoka Misri ilifaa kwa sanduku la agano na ilifaa kwa sanamu. Kwa hiyo tunaposema watoto wetu wakue katika ujuzi, hatusemi ujuzi peke yake. Kijana anayejua kuchora mihuri anaweza kutengeneza mihuri ya kweli na ya uongo. Hilo tunalisema tukijua tunasema nini, na wanaohusika wanajijua. Rudini kwa Bwana, na mikono hiyohiyo italeta chakula nyumbani.

Kitu kingine tulichojifunza mpakani ni kwamba ujuzi hauketi mahali pamoja. Miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua kazi ya baiskeli. Aliyejifunza pikipiki aliendelea, aliyesema baiskeli inatosha aliachwa na abiria wake mwenyewe. Mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha, ushuru ukabadilika, na faida ya kuvusha vitu vidogovidogo ikapungua. Wale wa magurudumu matatu waliumia. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Busia, mtu akaguliwe mara moja tu. Hakuna aliyekosa hapo, ni dunia tu ilivyogeuka. Swali ni nani alikuwa bado anajifunza ilipogeuka.

Na sisi dunia yetu imegeuka. Hatuna haja ya kulizunguka jambo hili. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi matatu, kulingana na uhitaji, na kundi la tatu halipati. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipozidi kupungua, watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada huo. Katika kanisa hili ziko nyumba ambazo sasa zinapika mara moja kwa siku. Tumewazika wapendwa, tumewaona wasichana wakiozwa mapema ili nyumba ipunguze mdomo mmoja, tumeona wavulana wa kidato cha pili wakiacha shule kwenda kupalilia mahindi ya watu au kuendesha boda ya mkataba ambayo kila jioni inadai fedha za mwenye nayo. Mana imekoma, ndugu. Hata Israeli ilikoma, siku ya pili baada ya kula mazao ya nchi (Yoshua 5:12). Tofauti ni kwamba wao ilikoma wakiwa wamefika, na sisi bado tuko njiani. Ndiyo maana tunaumwa.

Kwa hiyo mtu akituuliza mkimbizi ajifunze ili iweje, tunamwuliza na yeye: asipojifunza iweje?

Someni Matendo 18. Akila na Prisila walikuwa wakimbizi. Klaudio Kaisari aliamuru Wayahudi wote waondoke Rumi, nao wakatua Korintho. Hatuambiwi walifika na mali. Tunaambiwa walikuwa na kazi ya kushona mahema, na kwa sababu ya kazi hiyo Paulo akakaa nao. Kisha, huko Efeso, akaja Apolo, mtu msemaji, hodari katika Maandiko, msomi wa Iskanderia. Ni nani waliomchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi? Hao washona mahema wawili, mume na mke. Na Apolo alikubali! Sisi tuliopita chuo cha Biblia tunajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mwenye cheti kuketi chini ya fundi ili aelezwe neno, hiyo ni neema. Lakini bila hiyo Apolo angebaki na ubatizo wa Yohana tu, akiusema kwa ufasaha.

Hata mpaka wetu una kumbukumbu kama hiyo kwa upande wa kanisa. Askofu Yona Okoth wa Bukedi, dayosisi yenye makao Tororo, alikimbilia Kenya mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Alipita njia ileile, ila yeye alikuwa anakwenda kule tulikotoka sisi. Mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Miaka ya uhamishoni haikumfunga mahali alipokuwa siku alipokimbia.

Sasa tuwajibu wazee wetu, kwa heshima yote, maana ninyi ndio mlioshika nguzo za jengo hili tulipokuwa tukiimba chini ya mti.

Yesu alipindua meza hekaluni kwa sababu walikuwapo wanyang'anyi. Hakufukuza mafunzo, Luka anasema alikuwa akifundisha hekaluni kila siku (Luka 19:47). Na hema ya kukutania yenyewe, kabla haijawa mahali pa kuabudia, ilikuwa kitambaa mikononi mwa washonaji. Kuna mtu alikaa akakata kipande vibaya, akakatishwa tena. Kuna mama alisokota uzi ukakatika. Kazi ile ya kujifunza haikuitia hema unajisi, ndiyo iliyoizaa. Kwa hiyo hatuoni dhambi cherehani kuwa katika nyumba hii siku ya Jumanne. Tunachokubaliana nanyi, na tumeliandika katika kitabu cha baraza, ni kwamba hakutakuwa na kuuza wala kununua ndani ya jengo, na saa za maombi ya Jumatano na Ijumaa hazitaguswa.

Na kwa wale wanaosema kina mama wenye umri hawawezi, tazameni yanayotendeka tayari chini ya mwembe. Dada zetu wa Sudan Kusini walikuja na kazi yao ya milaya, yale mashuka wanayodarizi maua na ndege kwa uzi wa rangi. Mama mmoja wa kanisa letu, mtu wa Bonde la Ufa, aliyepita umri wa miaka sitini, alikaa nao miezi mitatu kujifunza. Mwanzo ndege wake walikuwa kama kuku waliokanyagwa, naye mwenyewe alicheka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akaanza kudarizi kwenye vitambaa vya kubebea watoto, kwa sababu alijua kutoka kwao kwamba mama mwenye mtoto mchanga hununua kitambaa hata akiwa hana fedha ya shuka. Leo dada wale wa Sudan Kusini ndio wanaomwuliza yeye namna ya kukunja pindo la kitambaa hicho. Yeye hakuzaliwa na milaya. Alijifunza ya wengine, akaweka na yake aliyoijua tangu zamani, kikatoka kitu ambacho hakikuwako.

Tunajua kwamba darasa halitarudisha mgao. Cherehani nne hazitalisha nyumba mia, na mtu asije kwetu baada ya mwezi mmoja akasema pasta alituahidi. Hatukuahidi. Kushona sare ya shule mpaka mwenye mtoto akubali kuilipia huchukua muda, na kusoma kwa mtu mzima kunachoka macho na moyo. Wako watakaoacha. Tunaomba tu wasiache kwa sababu waliambiwa kipawa si chao.

Kwa hiyo darasa litaanza Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, baada ya kufagia. Kina mama wenye umri wataanza kwanza, wasichana walioacha shule watafuata saa nane mchana. Fundi wa kukata ni yule mzee aliyeshona Eldoret miaka mingi. Yeye hataki malipo, ila ameomba kila anayejifunza kwake aahidi kumfundisha mtu mmoja kabla mwaka haujaisha, na jina la huyo mtu liandikwe. Vijana wa boda wanaotaka kujifunza kutengeneza injini wamwone mzee wa zamu Jumapili baada ya ibada, tupate kwanza kujua idadi yao. Kila mtu aje na daftari, na tepu ya kupimia akiwa nayo. Mikasi tunayo miwili tu, na mmoja hauna makali. Mwenye mkasi wa ziada nyumbani auache kwa mama mlinzi wa funguo kabla ya Jumatatu jioni.